Uniti zinazopotea usiku: Ekstensheni yenye swichi inavyookoa umeme nyumbani

Na Mwandishi Wetu

NI saa tano usiku katika nyumba ya kawaida jijini Dar es Salaam. Runinga imezimwa kwa rimoti, sabufa imenyamaza, watoto wamelala na milango imefungwa. Hata hivyo, sebuleni bado inaonekana taa ndogo nyekundu kwenye runinga, nyingine ya kijani kwenye king'amuzi, na tarakimu za saa zinawaka kwenye redio. Nje ukutani, mita ya LUKU inaendelea kuhesabu.

Wengi wetu tunaamini kwamba kifaa kilichozimwa kwa rimoti kimezimwa kweli. Sivyo. Kifaa cha namna hiyo kimepumzishwa tu, na kinaendelea kunyonya umeme kidogo kidogo saa zote ambazo hakitumiki. Njia mojawapo ya kukomesha upotevu huo ni kutumia ekstensheni yenye swichi, yaani kebo ya soketi nyingi inayoweza kukata umeme wa vifaa kadhaa kwa mkupuo mmoja.

Makala haya yanaeleza jinsi umeme huo unavyopotea, vifaa vinavyoupoteza zaidi, aina za ekstensheni zilizopo, na tahadhari ambazo kila mwenye nyumba anapaswa kuzizingatia kabla ya kutoa fedha yake dukani.

Umeme wa kusubiri ni nini?

Wataalamu wa nishati huuita umeme wa kusubiri. Ni ule unaotumiwa na kifaa kikiwa hakifanyi kazi kilichonunuliwa kuifanya, lakini kikiwa tayari kuamshwa wakati wowote. Runinga haiwezi kuitikia rimoti kama sehemu yake inayopokea mawimbi ya rimoti haina umeme. Redio haiwezi kuonyesha saa bila umeme. King'amuzi nacho huendelea kuwasiliana na mitambo ya kampuni inayorusha matangazo hata baada ya mtazamaji kwenda kulala.

Sababu ya pili ni kipoza umeme, ile sehemu inayoushusha umeme wa volti 230 wa majumbani kuwa umeme mdogo unaohitajiwa na kifaa. Vipoza umeme vya zamani, vile vizito vyenye koili za shaba, hupata joto saa zote vikiwa kwenye soketi. Joto hilo ni umeme unaolipiwa. Ukigusa kipoza umeme cha redio ambayo haijawashwa tangu asubuhi ukakuta kina vuguvugu, fahamu kwamba uniti zako zinapotelea hapo.

Suala hili si geni duniani. Mtafiti Alan Meier, wa maabara ya Lawrence Berkeley iliyoko California, Marekani, ni miongoni mwa waliolivalia njuga mapema. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lilipendekeza kwamba kifaa kilicho katika hali ya kusubiri kisitumie zaidi ya wati 1. Mwaka 2001 Rais George W. Bush wa Marekani aliagiza taasisi za serikali yake kununua vifaa vinavyokaribia kiwango hicho. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni zake mwaka 2008, ambapo vifaa vingi vipya vilitakiwa kutozidi wati 1 kuanzia mwaka 2010, na nusu wati kuanzia mwaka 2013, isipokuwa vile vyenye saa au maandishi yanayowaka, ambavyo viliruhusiwa zaidi kidogo.

Kanuni hizo zina maana hata kwetu, kwa sababu zinatuonyesha mstari kati ya kifaa cha zamani na kipya. Runinga mpya bapa inaweza kuwa inasubiri kwa nusu wati tu. Lakini nyumba nyingi za Watanzania bado zina vifaa vilivyotengenezwa kabla ya kanuni hizo, vikiwamo vilivyotumika ughaibuni kabla ya kuuzwa nchini, na hivyo ndivyo vyenye kiu kubwa.

Vifaa gani vinakula zaidi?

Vipimo vilivyofanywa na maabara ya Lawrence Berkeley kwa vifaa vya majumbani vya miaka ya 2000 vinatoa picha nzuri. King'amuzi cha setilaiti kilichozimwa kwa rimoti kilikula wastani wa takriban wati 15. Redio ya muziki yenye spika zake ilikula takriban wati 8. Runinga ya chogo ilikula takriban wati 3, na kompyuta ya mezani iliyozimwa kiasi kama hicho. Deki ya DVD ilikula wati 1 na nusu. Chaja ya simu iliyoachwa kwenye soketi bila simu ilikula takriban robo wati.

Msomaji atagundua jambo moja la kushangaza. Chaja ya simu, ambayo ndiyo inayolaumiwa sana majumbani, ina mchango mdogo kuliko vyote. King'amuzi, ambacho hakuna anayekifikiria, kinaongoza. Tangu matangazo ya analojia yalipoanza kuzimwa jijini Dar es Salaam Desemba 31, 2012, king'amuzi kimekuwa sehemu ya karibu kila sebule yenye runinga.

Hesabu yake ni rahisi. Uniti moja ya umeme ni sawa na wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja. King'amuzi cha wati 15 kinachokaa saa 18 kwa siku bila kutazamwa hutumia uniti 8.1 kwa mwezi wa siku 30. Ukiongeza redio ya wati 8 kwa saa 22, runinga ya chogo ya wati 3 kwa saa 18, kompyuta ya wati 3 kwa saa 20 na deki ya wati 1 na nusu kwa saa 22, jumla inafika karibu uniti 18 kwa mwezi. Hizo ni uniti ambazo hakuna aliyetazama picha, kusikiliza wimbo wala kuandika barua kwa kuzitumia.

Kwa nini uniti 75 ni muhimu?

Kuna watakaosema kwamba uniti 18 si kitu. Kwa mtumiaji mdogo wa umeme ni kitu, na tena kikubwa, kutokana na jinsi bei zilivyopangwa.

Katika bei zilizoidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) mwaka 2016, wateja wa TANESCO wa kundi la D1, ambao matumizi yao kwa wastani hayazidi uniti 75 kwa mwezi, walipangiwa Sh100 kwa uniti, na Sh350 kwa kila uniti inayozidi 75. Wateja wa kundi la T1, ambamo wamo wenye nyumba wanaotumia zaidi ya hapo, walipangiwa Sh292 kwa kila uniti kuanzia ya kwanza. Ukijumlisha kodi na tozo za asilimia 22, mteja mdogo hulipa Sh122 kwa uniti, na wa T1 hulipa zaidi ya Sh356. Kwa kuwa bei hupitiwa mara kwa mara, msomaji anashauriwa kuangalia kwenye risiti yake ya mwisho ya LUKU gharama halisi ya uniti moja kabla ya kufanya hesabu zake.

Tuchukue mfano wa familia inayotumia uniti 85 kwa mwezi, ambapo 17 kati ya hizo zinapotea kwa vifaa vinavyosubiri. Ikiwa bado ipo D1, mwezi huo italipa Sh13,420. Ikiokoa uniti hizo 17 itabaki na 68, na malipo yatashuka hadi Sh8,296. Lakini familia hiyo ikizoea kuvuka uniti 75 na hatimaye ikahesabiwa kuwa ya T1, uniti zile zile 85 zitaigharimu takriban Sh30,280 kwa mwezi.

Kwa maneno mengine, taa ndogo nyekundu za sebuleni zinaweza kuwa ndizo zinazomvusha mwananchi wa kipato cha chini kutoka bei nafuu kwenda bei ya juu. Mwenye kuamini kwamba matumizi yake yameshuka na bado anatozwa bei ya juu ana haki ya kwenda kuuliza katika ofisi ya TANESCO ya eneo lake.

Pima kwanza, nunua baadaye

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kununua chochote, ni vyema kujua nyumba yako inapoteza kiasi gani, na mita ya LUKU yenyewe inaweza kukuambia.

Mita nyingi zina taa ndogo nyekundu inayometameta kila umeme unapotumika. Karibu na taa hiyo huandikwa idadi ya mimeto kwa kila uniti, kwa mfano 1000 imp/kWh. Kwa mita ya namna hiyo, kila mmeto mmoja ni sehemu moja ya elfu ya uniti.

Fanya hivi. Zima taa zote, feni na pasi, na ukate friji kwenye soketi kwa muda huo mfupi bila kulifungua mlango. Acha runinga, king'amuzi, redio na kompyuta zikiwa zimezimwa kwa rimoti au kitufe kama ilivyo desturi yako. Kisha hesabu mimeto kwa nusu saa na uzidishe kwa mbili. Ukipata mimeto 30 kwa saa katika mita ya 1,000, vifaa vyako vinavyosubiri vinakula wati 30. Kwa mwezi mzima, kama havizimwi kabisa, hiyo ni zaidi ya uniti 21. Ukipata mimeto miwili au mitatu tu, huna haja ya kununua ekstensheni maalumu. Tatizo la uniti zako liko kwingine, pengine kwenye friji, pasi au hita ya maji. Usisahau kurudisha friji kwenye umeme baada ya zoezi hilo.

Ukitaka kujua mkosaji hasa ni nani, chomoa kifaa kimoja baada ya kingine na uhesabu upya.

Aina za ekstensheni

Soketi nyingi za ukutani nchini zina swichi zake, na hiyo ndiyo ekstensheni ya bure. Tatizo ni kwamba soketi ya sebuleni mara nyingi imejificha nyuma ya kabati la runinga, nayo inabeba vifaa vitano. Hapo ndipo ekstensheni yenye swichi inapokuwa na manufaa, kwa kuwa inaleta swichi mahali ambapo mkono unafika.

Aina ya kwanza ni ile ya kawaida yenye swichi moja inayokata soketi zote. Ni nafuu, haina vitu vya kuharibika haraka, nayo inatosha kwa familia nyingi. Masharti yake ni mawili: iwekwe mahali panapoonekana, na pawepo mtu mwenye jukumu la kuizima kabla ya kulala.

Aina ya pili ina swichi kwa kila soketi. Inafaa pale ambapo kifaa kimoja lazima kibaki kimewaka, mathalani ruta ya intaneti, huku vingine vikizimwa.

Aina ya tatu ni ile yenye soketi kuu. Runinga huchomekwa kwenye soketi hiyo, na sabufa, deki na king'amuzi kwenye soketi tegemezi. Runinga inapozimwa, ekstensheni hutambua kwamba umeme unaopita umepungua na kukata soketi tegemezi zenyewe. Upungufu wake ni kwamba runinga za kisasa zinatumia umeme mdogo hata zikiwa zimewaka, hivyo ekstensheni isiyoweza kurekebishwa inaweza kushindwa kutofautisha runinga iliyowaka na iliyozimwa. Kabla ya kununua, uliza kama ina sehemu ya kurekebisha kiwango hicho.

Aina ya nne hutumia saa ya kupangia muda, na ya tano huunganishwa na simu ya mkononi kupitia intaneti. Ni za kuvutia, lakini zenyewe pia hula umeme zikisubiri amri. Ekstensheni inayokula wati 1 saa zote humaliza takriban uniti 0.7 kwa mwezi. Kuifunga kwa ajili ya chaja ya robo wati ni sawa na kumwajiri mlinzi wa shilingi elfu kumi alinde banda la kuku mmoja.

Hesabu ya faida nayo si ngumu. Tuseme ekstensheni inauzwa Sh20,000. Ikikata king'amuzi cha wati 15 kwa saa 18 kila siku, katika bei ya Sh356 itaokoa karibu Sh2,900 kwa mwezi, na fedha yako itarudi ndani ya miezi saba. Ikikata runinga mpya ya nusu wati peke yake, itaokoa chini ya Sh100 kwa mwezi, na itakuchukua zaidi ya miaka 17 kurudisha gharama.

Visivyofaa kukatwa ovyo

Si kila kifaa kinapaswa kuunganishwa na swichi ya pamoja. Friji lisiwe kwenye ekstensheni inayozimwa usiku, kwani chakula kitaharibika kwa ajili ya uniti chache. Vifaa vya ulinzi na mashine za matibabu za nyumbani navyo viachwe.

Kompyuta ya mezani izimwe kwanza kwa utaratibu wake, isubiriwe hadi inyamaze, ndipo swichi ya ekstensheni ikatwe. Kuikata ghafla kunaweza kuharibu mafaili. Mashine ya kuchapa ya wino nayo izimwe kwa kitufe chake kwanza, ili iegeshe kichwa chake vizuri na wino usikauke. King'amuzi kikikatwa huchukua dakika kadhaa kuwaka upya, na chenye kurekodi vipindi hakitarekodi kitu. Familia iamue yenyewe kama usumbufu huo unastahimilika.

Tahadhari ya moto

Ekstensheni inayookoa uniti inaweza pia kuteketeza nyumba ikitumiwa vibaya. Plagi ya pini tatu za bapa inayotumika nchini huwa na fyuzi isiyozidi ampea 13, ambayo katika volti 230 ni sawa na takriban wati 3,000. Runinga, king'amuzi na sabufa havikaribii kiwango hicho. Lakini birika la umeme peke yake linaweza kufika wati 2,000, na pasi inaweza kuzidi wati 1,000. Ukivichomeka pamoja kwenye ekstensheni moja, waya utachemka.

Kwa sababu hiyo, pasi, birika, jiko la umeme na hita vichomekwe moja kwa moja ukutani. Ekstensheni moja isichomekwe kwenye nyingine. Waya uliozungushwa kama kamba ukunjuliwe wote kabla ya kutumika, kwa kuwa joto hujilimbikiza katikati ya mzunguko. Waya usipitishwe chini ya zulia au mlangoni unakokanyagwa. Fyuzi ikiungua isibadilishwe kwa msumari wala karatasi ya sigara.

Mnunuzi atafute alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na apime uzito wa bidhaa kwa mkono. Ekstensheni nyepesi mno, yenye waya mwembamba na soketi zinazolegea, ni ya kuachwa dukani hata ikiwa bei yake inavutia. Ukinusa harufu ya plastiki inayoungua, zima umeme kwenye swichi kuu, usimwage maji, na upige simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.

Ipo faida nyingine ambayo wakazi wa miji yetu wanaifahamu vyema. Waliopitia mgawo wa umeme wa mwaka 2006, wa 2011 na ule wa mwishoni mwa 2023 wanakumbuka vifaa vilivyoungua umeme uliporejea kwa kishindo. Umeme unapokatika, kuzima swichi ya ekstensheni na kusubiri dakika chache baada ya kurejea ni kinga isiyo na gharama. Baadhi ya ekstensheni zina kinga maalumu ya ndani, lakini kinga hiyo huchakaa kila inapopokea kishindo, na haiwezi kuaminiwa milele.

Jihadhari na 'vipunguza uniti'

Ekstensheni yenye swichi isichanganywe na visanduku vidogo vinavyotangazwa kuwa ukivichomeka tu kwenye soketi, matumizi ya nyumba nzima yatapungua. Ndani yake vingi huwa na kapasita na taa ya kumetameta. Mita ya nyumbani huhesabu umeme uliotumika kweli, na kapasita hiyo haiwezi kuupunguza. Taa yake ndiyo itakayokuongezea matumizi.

Ekstensheni haina miujiza ya namna hiyo. Inaokoa umeme kwa sababu moja tu, kwamba inaukata, na ile ya kawaida hukata pale tu mkono wa mtu unapobonyeza swichi. Familia iliyonunua ekstensheni ya bei kubwa na kuiacha ikiwaka usiku kucha haijaokoa hata robo uniti, ilhali jirani yake mwenye soketi ya ukutani na mazoea ya kuizima ameokoa.

Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia. Usiku wa leo, kabla ya kulala, pita sebuleni taa zikiwa zimezimwa na uhesabu ni taa ndogo ngapi bado zinawaka gizani. Hapo ndipo pa kuanzia.